Kwa nini mtoto wa mbwa aliyechanjwa alikufa, na jinsi ya kumkinga aliyebaki

Swali: Mimi ni mkazi wa Kihonda, Morogoro. Nilinunua mtoto wa mbwa akiwa na wiki 6, na aliyeniuzia alinionyesha kadi kwamba amekwisha kuchanjwa. Alipofikisha wiki 11 alianza kutapika, akaharisha damu, na siku ya tatu akafa. Sasa mbwa wangu mkubwa, jamii ya German Shepherd mwenye umri wa miaka 4, amekonda, hali chakula vizuri, na juzi alitokwa na damu puani. Kwenye duka la dawa za mifugo walinipa sindano ya homa ya kupe lakini sioni nafuu. Je, chanjo za mbwa hazifanyi kazi? Na kwa mtu mwenye kipato kidogo, ni mambo gani ya lazima kufanya kwa mwaka mzima ili mbwa asiugue hovyo? Ningependa kununua mtoto mwingine.

Jibu: Pole sana kwa kumpoteza huyo mdogo. Nitayajibu maswali yako yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu mbwa mkubwa hawezi kusubiri.

Mbwa anayekonda, anayekataa chakula na kutokwa na damu puani bila kugongwa wala kupigana anatakiwa kufikishwa kwa daktari wa mifugo leo. Kabla hamjatoka nyumbani, mpime kwa njia moja rahisi: inua mdomo wake wa juu, tazama rangi ya ufizi, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole mpaka mahali hapo pawe peupe, halafu achia. Kwa mbwa mwenye afya ufizi huwa na rangi ya waridi, na rangi hiyo hurejea ndani ya sekunde 2 hivi. Ukiukuta umepauka, au una vidoa vidogo vyekundu, na vidoa hivyo ukaviona pia kwenye ngozi ya tumbo pasipo na manyoya, maana yake damu imepungua mwilini au chembe sahani zinazogandisha damu zimeshuka sana. Angalia na mkojo wake. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mweleze daktari neno hilo mapema kabisa, kwa kuwa litamwelekeza kwenye ugonjwa tofauti na ule ninaoushuku mimi.

Ninaoushuku ni ugonjwa wa erlikia, unaoletwa na bakteria Ehrlichia canis. Bakteria huyu huenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa, huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, na kwa kawaida dalili za mwanzo huonekana kati ya siku 8 na 20 baada ya mbwa kuumwa: homa, kuzubaa, kukataa chakula, tezi za shingoni kuvimba. Jambo la hatari ni kwamba dalili hizo zinaweza kupotea zenyewe, mwenye mbwa akaamini amepona, kumbe vimelea vimebaki mwilini kwa miezi au hata miaka huku mbwa akionekana mzima. Kwa baadhi yao ugonjwa hurudi kwa sura nyingine, ukiwa umeshambulia uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Hapo ndipo mbwa hukonda, ufizi hupauka, na damu hutoka puani. German Shepherd wanajulikana kuumia zaidi na ugonjwa huu kuliko mbwa wetu wa kienyeji. Wanasayansi wa Kifaransa waliueleza kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, na katika vita vya Vietnam uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, ambao wengi walikuwa wa jamii hiyo hiyo.

Kuhusu sindano uliyopewa: kupe huleta magonjwa kadhaa kwa mbwa, na dawa zake hazifanani. Mara nyingi inayouzwa madukani ni diminazini, ile dawa ya njano ambayo wafugaji huwachoma ng'ombe wenye nagana. Dawa hiyo hutibu babesia, ambayo huvunja chembe nyekundu za damu na kuufanya mkojo kuwa wa kahawia, lakini haimgusi bakteria wa erlikia hata kidogo. Kwa mbwa kipimo chake cha kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja tu, na nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ni ndogo mno. Mbwa aliyezidishiwa anaweza kuanza kupepesuka na kupata degedege siku moja au mbili baadaye, kisha akafa, na mwenyewe akadhani ni ugonjwa uliomuua. Kwa hiyo nakusihi usikubali achomwe sindano ya pili ya dawa hiyo kabla damu yake haijapimwa.

Kipimo chenyewe si kigumu. Daktari huchukua tone la damu, hulipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na panapowezekana huhesabu chembe sahani au hutumia kipimo cha haraka cha kingamwili. Wewe una bahati ya kuishi mji mmoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kina hospitali ya mafunzo ya wanyama. Ikithibitika ni erlikia, dawa yake ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa muda wa siku 28 mfululizo, ikitolewa pamoja na chakula ili asitapike. Watu wengi huacha siku ya saba mbwa anapoanza kula tena, na hao ndio ninaowaona wakirudi baada ya miezi sita na mbwa yuleyule akiwa hoi. Mkumbushe daktari pia aulize habari ya sumu ya panya, kwa sababu mbwa aliyeila, au aliyekula panya aliyekufa kwa sumu, naye hutokwa na damu puani, na tiba yake ni vitamini K1, si doksisaiklini.

Dawa ya siku 28 haitakuwa na maana ikiwa kupe wamebaki kwenye banda. Kupe huyu wa kahawia ana tabia ambayo wenye mbwa wengi hawaijui: anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya banda au nyumba, akimtegemea mbwa tu. Anaponyonya damu akashiba huanguka, hupanda ukutani, hujificha kwenye nyufa za tofali na viungio vya mbao, na jike hutaga humo mayai kwa maelfu. Wadogo wakianguliwa humrudia mbwa, hunyonya, huanguka tena, hujibadili, kisha humrudia tena. Wanaweza pia kukaa miezi mingi bila kula. Ndiyo maana unamwogesha mbwa Jumamosi, na Jumatano masikio yake yamejaa tena. Chukua tochi usiku uchunguze pembe za banda juu karibu na dari. Ukiona vidudu bapa vya kahawia vikitambaa, umepata chanzo. Ziba nyufa kwa plasta, choma matandiko ya zamani, nyunyizia kuta dawa ya kuua kupe iliyochanganywa kwa kipimo cha kwenye chupa huku mbwa akiwa mbali, na urudie baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa mnyunyizio wa kwanza.

Kwa mbwa mwenyewe kuna dawa za kuogesha, za kudondoshea mgongoni, na vidonge vya kutafuna ambavyo vingine hukinga mwezi mmoja na vingine hadi wiki 12. Vidonge ni ghali, lakini kwa nyumba ambayo imekwisha kuuguza mbwa kwa kupe, naona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko dawa ya kuogesha inayosahaulika. Ukichagua ya kuogesha yenye amitrazi, ichanganye siku ileile ya kuitumia, usimpake mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, na usimwache ailambe ikiwa mbichi. Kama una paka, dawa yenye pamethirini iwekwe mbali naye kabisa, maana humuua. Na oili chafu ya gari ambayo watu huwapaka mbwa wenye upele haifai kwa lolote. Mbwa huilamba, na sumu yake huharibu ini na figo.

Sasa nije kwa huyo mdogo. Kutapika, kuharisha damu na kufa ndani ya siku tatu katika umri huo ni sura kamili ya ugonjwa wa parvo, ingawa bila kipimo cha kinyesi siwezi kuapa. Kirusi chake kilijitokeza miaka ya 1970 na kufikia mwaka 1978 kilikuwa kimeenea katika mabara kadhaa. Kikiingia mdomoni, kwa kawaida dalili huanza baada ya siku 3 hadi 7. Hushambulia utando wa ndani wa utumbo na uboho wa mifupa kwa wakati mmoja, hivyo mbwa hupoteza maji na damu huku akiwa hana chembe nyeupe za kupambana na bakteria wanaopenya kutoka utumboni. Hakuna dawa ya kuua kirusi chenyewe. Mgonjwa hushikiliwa na dripu, dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki, na wanaowahishwa wengi hupona.

Kwa nini basi chanjo haikumkinga? Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, hasa katika siku ya kwanza ya maisha. Kingamwili hizo humlinda, lakini pia huishambulia chanjo kama vile ni adui, na kuizima kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Hupungua kwa takriban nusu kila baada ya siku 9 au 10, na hufika wakati ambapo zimebaki chache mno kumzuia kirusi halisi wa mtaani, lakini bado zinatosha kuizima chanjo. Wakati huo hauna tarehe moja: kwa mtoto mmoja huwa wiki ya nane, kwa ndugu yake wa tumbo moja wiki ya kumi na tatu. Kwa sababu hatuwezi kumpima kila mmoja, tunarudia chanjo kila baada ya wiki 3 au 4 kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, na ile ya mwisho lazima itolewe akiwa na wiki 16 au zaidi. Mbwa wako alipata dozi ya kwanza tu. Kadi aliyokuonyesha muuzaji huenda ilikuwa ya kweli kabisa, na bado kinga ilikuwa haijajengeka.

Liko na jambo la pili, la uhifadhi. Chanjo hizi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi zinapoingia kwenye bomba la sindano. Chupa iliyosafirishwa kwenye basi ndani ya mfuko wa plastiki, au iliyolala kwenye friji huku umeme umekatika usiku kucha, inaweza kuwa maji matupu. Muulize anayechanja anaitoa wapi, na usione haya kutaka kuona kipande cha barafu kwenye kasha lake. Baada ya kuchanganywa itumike mara moja. Kijikaratasi cha jina na namba ya chanjo kibandikwe kwenye kadi mbele yako.

Chanjo ya parvo kwa kawaida hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja, ambayo hukinga pia ugonjwa wa distempa, unaoanza kwa matongo na makamasi mazito na kuishia kwenye mitetemo na degedege. Watanzania tuna sababu ya pekee ya kuujali: mwaka 1994 kirusi hicho kiliua takriban simba 1,000 wa Serengeti, yaani theluthi moja ya simba wote wa eneo lile, na mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi walihusishwa na chanzo chake. Baadhi ya chanjo huongezewa kinga ya leptospira, vimelea vinavyoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Watu wengi walivisikia mara ya kwanza Julai 2022, wakati homa ya mgunda ilipoibuka mkoani Lindi. Kwa mbwa anayekunywa maji ya madimbwi na kukamata panya, ningeomba kinga hiyo iwemo, na irudiwe kila mwaka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni tofauti na hizo, na kwangu ndiyo ya kwanza hata kama huna fedha ya nyingine yoyote. Hutolewa akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, na kisha kwa ratiba ya mamlaka ya mifugo ya mahali ulipo, ambayo kwetu kwa kawaida ni kila mwaka. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao watoto wa Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Palipochanjwa mbwa asilimia 70, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Halmashauri nyingi huandaa kampeni za chanjo karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako mapema.

Naomba usome aya hii mara mbili. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine hupooza taya: mdomo hubaki wazi, udenda hutiririka, sauti hubadilika, naye hushindwa kumeza. Watu wa nyumbani humhurumia wakidhani mfupa umemkwama kooni, na mmoja wao hutia mkono mdomoni kuutafuta. Usifanye hivyo kamwe. Mfungie peke yake, umwite daktari. Mtu akiumwa au akichubuliwa na mbwa yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo; majivu, kitunguu saumu na mafuta ya taa havizuii chochote. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Minyoo ni nafuu kuizuia. Watoto wa mbwa huzaliwa wakiwa tayari na minyoo duara iliyopita kwenye mji wa mimba, na minyoo ya safura huwafikia kupitia maziwa; kwa hiyo wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na baada ya hapo kila miezi 3. Tegu wa kawaida humfikia mbwa anapomeza kiroboto, hivyo kutibu minyoo bila kuua viroboto ni kazi bure. Kuna tegu mwingine mdogo mno, Echinococcus, anayenisumbua zaidi kwa sababu ya desturi yetu ya kununua mapafu na maini yaliyotupwa machinjioni kwa ajili ya mbwa. Mbwa huyala mabichi yakiwa na vifuko vya maji, na mayai yanayotoka kwenye kinyesi chake humpa binadamu vifuko hivyohivyo kwenye ini. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, iliwahi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na tangu mwaka 1983 shirika la afya la AMREF liliendesha huko mpango uliojumuisha kuwatibu mbwa. Chemsha nyama hizo mpaka ziive kabisa.

Juu ya chakula nina neno moja tu: pumba na mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia haiwezi kula, asipewe mbwa. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 huharibu ini la mbwa vilevile. Vivyo hivyo dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo lake na kuharibu figo. Aivamektini ya ng'ombe nayo isidungwe kwa kukadiria, kwani mbwa jamii ya kolli, na baadhi ya German Shepherd, huwa na kasoro ya kurithi inayoiruhusu kuingia ubongoni.

Ukiwa na fedha kidogo, panga hivi: kichaa kwanza, kisha chanjo ya pamoja mpaka iishe, halafu kupe, halafu minyoo. Vyote vinne kwa mwaka hugharimu pungufu ya kumlaza mgonjwa mmoja wa parvo kwenye dripu.

Na kuhusu mtoto mwingine, usimlete sasa. Kirusi cha parvo huishi kwenye udongo wenye kivuli kwa mwaka mmoja au zaidi, na sabuni au dawa za kunukia za kusafishia sakafu haziwezi kukiua. Ondoa kinyesi na uchafu wote, osha sakafu ya saruji, kisha mwagia jiki iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 30 na uiache dakika 10. Udongo hautibiki kwa jiki. Fyeka vichaka ili jua lipige. Mbwa wako mkubwa naye apate chanjo ya pamoja mara daktari atakapothibitisha kwamba damu yake imerejea. Njia iliyo salama zaidi ni kumchukua mtoto aliyevuka wiki 16, aliyemaliza dozi zote huko alikozaliwa, na ambaye zimepita wiki 2 tangu dozi ya mwisho. Omba kadi yenye vijikaratasi vya chanjo, tarehe na saini ya daktari, kisha mpigie daktari huyo simu kabla hujatoa fedha.